Chupa za Papa Zenye Jina la Zamani

Baba yangu, papa kama tulivyomwita, hakuonja bia maisha yake yote, lakini sidhani kama kulikuwa na mtu Kisangani aliyezijua chupa za bia kumshinda. Alikuwa Mwislamu wa Maniema, wa wale wanaoamka kabla ya adhana, na riziki yake aliipata katika kiwanda cha bia. Watu walimcheka. Mzee mmoja aliyeswali naye mstari mmoja alijisogeza pembeni siku moja, eti papa ananuka, na swala ilipokwisha papa akamuuliza mbele ya wote: "Mi niko nasafisha chupa, sinywe. Kusafisha njo haramu?" Mzee akaenda kutafuta viatu vyake. Papa alirudi nyumbani akicheka peke yake, na kisa hicho alitusimulia mpaka kikatuchosha.

Kazi yake ilikuwa kutazama. Chupa tupu zilirudi kiwandani kutoka mitaani na kutoka vijiji vya mtoni, zikaoshwa kwa mashine, kisha zikapita moja moja juu ya mkanda mbele ya kioo cheupe chenye taa nyuma yake. Papa aliketi mbele ya mwanga ule akikagua kila chupa: ina ufa, ina uchafu, mende kafia ndani? Yenye kasoro aliitoa kwa mkono wa kulia bila kusimamisha mkanda. Kila nusu saa walipokezana, kwa sababu macho yakichoka mtu anaangalia chupa na haioni.

Hapo ndipo alipoanza kuzipenda. Sikumbuki papa akisoma kitabu chochote zaidi ya Msahafu wake, lakini chupa aliisoma kuanzia mdomoni hadi kitako. Alinionyesha mshono wa kioo unaopanda ubavuni na kuishia shingoni. "Angalia, mudomo walitengeneza kwa mukono. Hii ilitoka Ulaya na mashua, kiwanda yetu ilikuwa haiyajengwa." Nyingine mshono ulifika mpaka juu, maana yake ni ya mashine. Alikuwa na moja ya kijani yenye kizibo cha kaure kilichofungwa kwa waya, ambayo alisema ni ya siku Wazungu walipokuwa wakiagiza bia yao kutoka mbali na Mwafrika akikatazwa hata kuishika. Alikuwa na moja iliyonuka mawese hata uioshe vipi. Hiyo ilikuwa ya miaka ya uasi, mitambo ilipolala na akina mama wakatia mafuta na petroli katika kila chupa waliyoiokota. Uasi ulipokwisha papa na wenzake watatu ndio walioanza kufagia vigae uani, wiki mbili nzima, kabla kiwanda hakijapika tena.

Lakini nyingi katika zile alizokusanya zilikuwa za kahawia, na begani, katika kioo chenyewe, liliandikwa jina la zamani la mji wetu, lile la wakati wa Wabelgiji. Chupa hizo zilitengenezwa kwa ajili ya kiwanda chetu wakati kikiwa kipya na papa akiwa kijana aliyetoka Maniema kwa miguu na lori. Mkuu wa zamu alimruhusu kubeba moja kila baada ya muda, mradi iwe na kasoro. Zilifika thelathini na nane. Zilikaa sebuleni kwetu, Commune Tshopo, juu ya rafu ya mbao, na Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda kazini alizipangusa kwa kitambaa.

Rafu hiyo aliipigilia tonton, mdogo wake mama. Tonton alikuja kutoka Yanonge kwa matanga ya mama yangu akabaki. Alipakua mizigo bandarini, na alichokipata alikinywa. Mimi nilimpenda kupita kiasi. Jumapili alitupikia lituma na samaki, akitwanga ndizi huku akiimba nyimbo za kanisani kwao kwa sauti ya kuwaudhi majirani, na papa, aliyejifanya hasikii, aligonga mguu chini ya meza. Walikuwa marafiki wale wawili. Kosa la tonton lilikuwa moja tu kabla ya siku ninayotaka kuisimulia: aliwahi kuchukua chupa moja rafuni akaenda nayo kwenye nganda, baa ya jirani.

Hapa lazima nieleze. Kwetu bia hukununua kwa pesa tu. Ulikuja na chupa tupu, vidange tunavyoiita, na bila vidange hata mfuko wako ujae noti za zaire unarudi na kiu yako. Chupa mpya zilikuwa haziji, kwa hiyo zilezile zilizunguka mwaka baada ya mwaka, za zamani na za juzi, za majina yote. Kwenye matanga, maiti hajaoshwa, tayari shangazi mmoja ametumwa kwa majirani kuomba vidange. Wenye baa walizitafuta kama dawa. Ndiyo maana tonton alipokosa vidange siku ile jicho lake liliangukia rafu. Kesho yake papa alikwenda mwenyewe kuikomboa, akampa yule mama wa nganda chupa mbili za kawaida badala ya moja ile, kisha akamwambia tonton: "Shemeki, mara ingine utarudi kwenu." Alisema akitabasamu, lakini alisema.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye woga mwingi na akili niliyodhani ni nyingi vilevile. Ilikuwa miaka ile ya kurudia uhalisi, serikali ilipoamuru kila jina la kizungu liachwe. Walimu tulikuwa tumeshabadilisha majina yetu wenyewe, na mkurugenzi akatuita tufute majina ya kikoloni yaliyobaki shuleni. Mimi nilipewa ramani ya ukutani na wembe. Nilikwangua mji mmoja baada ya mwingine, na nilipofika kwetu nilikwangua kwa bidii mno, ramani ikatoboka, Kisangani ikawa tundu. Mkurugenzi alisema afadhali tundu. Wenzangu walicheka, mimi pia nikacheka, lakini niliporudi nyumbani na kuona mabega thelathini na zaidi ya kahawia yakinitazama na jina lile, kicheko kilikatika.

Nilimwomba papa aziondoe. Nilimwambia kuwa katibu wa selili ya chama, yule wa mtaa wetu, atapita nyumba kwa nyumba Jumamosi baada ya salongo, kazi ya umma ya lazima, tukimaliza kufagia barabara. Nilimwambia mwalimu mwenzetu amehamishiwa msituni kwa neno moja tu lililomponyoka darasani. Papa alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Wabelgiji waliandika jina," alisema. "Bon. Lakini kusafisha, ni nani alisafisha? Mikono yangu njo iko pale juu. Nitatupa mikono yangu?"

"Papa, watakufunga!"

"Kwa sababu ya chupa?"

"Kwa sababu ya jina."

"Basi wafunge chupa," alisema, akaenda kutawadha.

Nilikasirika. Niliona ananichezea, na kwamba kazi yangu na kazi yake na nyumba yenyewe aliviweka juu ya rafu ile pamoja na vioo vyake. Leo naweza kusema nilimwogopea yeye, na ni kweli. Lakini nilijiogopea pia, na sijui ni woga upi ulionibebesha mzigo.

Ijumaa asubuhi papa alipokwenda zamu na tonton bandarini, niliziosha zote, nikazipanga katika makasha mawili ya bia, zilizobaki nikazitia kwenye kikapu, na nikazibeba kichwani kwa safari tatu hadi kwenye nganda. Sikuomba kitu. Yule mama alizihesabu kwa macho, akapiga makofi. Lori la kiwanda lilikuwa linapita mchana huohuo na yeye alikuwa na vidange chache mno. Hakuangalia jina lolote. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikaweka sufuria rafuni ili pasionekane pengo, na nikajiambia nitamweleza papa kwa utaratibu akishakula.

Papa alirudi kutoka msikitini akasimama mbele ya zile sufuria. Hakupiga kelele. Alizishusha moja moja, akazipanga sakafuni, kana kwamba chupa zilikuwa nyuma ya hizo sufuria. Nilisema nakwenda kutazama moto, na huko jikoni ndiko nilikokuwa tonton alipoingia, jua halijazama, amelewa vizuri na mwenye furaha. Yule mama wa nganda, kwa shukrani, alikuwa amempa bia tatu za bure.

"Chupa zangu ziko wapi?" papa aliuliza.

"Shemeki..."

"Umekunywa na vidange ya nani?"

Nilikuja mlangoni na mwiko mkononi. Tonton alinigeukia. Alinitazama muda mrefu, jicho likiwa jekundu lakini limetulia, na mimi nikautazama mwiko. Nilidhani hajui kitu na ananitazama tu kama mlevi anavyotazama. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka.

"Kikulacho kiko mu nguo yako," papa alisema. "Nilikupa kitanda ya dada yako. Toka."

Tonton hakubishana. Aliingia chumbani, akatoka na shati lake la kanisani na msumeno, akanigusa kichwani akipita. Usiku ule alilala kwa wapakuzi wenzake bandarini na asubuhi akapanda pirogi, mtumbwi mrefu wa wachuuzi, kushuka Yanonge. Nilijua saa ya pirogi. Ningeweza kwenda. Nilikuwa nafagia barabara ya salongo pamoja na wengine, na nilifagia kwa juhudi mpaka nikasifiwa.

Katibu alikuja kama nilivyosema. Aliketi, akanywa chai, akauliza habari za shule. Kisha akajikuna shingo, akamwambia papa kwa aibu kidogo: "Citoyen, tuko na fête ya chama wiki ijayo, watu mingi watakunywa, na vidange iko inatukosea. Watu walituambia kwako chupa iko mingi." Papa alimwonyesha rafu kwa kidevu. Katibu alitazama sufuria, akasikitika, akaomba radhi kwa kutusumbua. Mimi niliinuka kuongeza chai, nikajaza kikombe mpaka kikafurika. Sijui angesema nini kama angelisoma jina. Labda angenuna, labda angezibeba vilevile. Sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Alhamisi iliyofuata papa alirudi na kitambaa kimefungwa kidole. Alikula, akanawa, kisha akaanza kusema bila mimi kumuuliza, akiutazama ukuta.

"Zimepita."

"Nini, papa?"

"Chupa. Zimepita mbele yangu kwa mwangaza. Ya kwanza nilijua kwa shingo, mbele hata nione jina."

Siku hizo kulikuwa na amri mpya: chupa yenye jina la zamani haikuondolewa tena na kuwekwa kando, ilivunjwa palepale katika pipa la vigae lililokuwa mguuni pa mkaguzi. Nusu saa yake ilipokwisha mwenzake alikuja kumpokea na papa akakataa. Alikaa hapo mpaka mkanda ukasimama. Alivunja thelathini na tatu. Tano hakuziona, na ile ya kijani ilikuwa mojawapo ya hizo tano.

"Kwa nini hukumwachia mwenzako?" niliuliza.

"Yeye hajue ni nini anavunja," papa alisema. "Angevunja tu."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pake. Kama kulikuwa na saa ya kusema ilikuwa ile, taa imewashwa, sahani hazijaondolewa, baba yangu na kidole chake. Neno lilifika kwenye ulimi. Niliona jinsi atakavyonigeukia, nikajiuliza atabaki na nani akinifukuza mimi pia, na kwa hesabu hiyo ya uongo nikaamua kwamba kunyamaza ni huruma. Niliondoa sahani. Nilijichukia nikiziosha, na kila siku nikajichukia pungufu kidogo, hadi nikazoea.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka tisa. Mara mbili kwa mwaka wachuuzi wa Yanonge walituletea samaki mkavu kutoka kwa tonton, amefungwa vizuri kwa majani, na papa aliwapa majirani bila kufungua. Mimi nilifungua mlango nikawapokea wachuuzi na kuwaambia asante, mpelekeeni salamu. Niliolewa, nikazaa, nikahamia mtaa wa pili. Papa hakuokota chupa nyingine. Macho yake yaliisha, yakawa na ukungu mweupe, kiwanda kikamwachisha, na kila nilipokwenda kumsomea barua za ndugu wa Maniema niliapa kuwa leo nitasema. Mwezi wa mwisho alikuwa amelala tu. Niliketi kando yake mchana kutwa, chumbani hamna mtu mwingine, na nikazungumza naye kuhusu bei ya mchele.

Tulimzika siku ileile aliyofariki, kama dini yake inavyotaka. Upande wa mama hawakuwa na habari, na mtu wa kuwapelekea nilikuwa mimi. Nilipanda pirogi yenye mota asubuhi, nikiwa na sabuni na kitenge cha kumpa tonton, na mchana nilifika Yanonge.

Sikumtambua mara moja. Alikuwa amekonda na kichwa kimekuwa cheupe, ameketi mbele ya nyumba yake akishona wavu. Alikuwa ameacha pombe, majirani wakaniambia, tangu mwaka ule aliorudi. Nilipomwambia shemeji yake amekufa alilia kwa sauti, mtu mzima yule, akapiga mapaja kwa viganja, na wanawake wa jirani wakaja wakalia naye. Sikutarajia kilio kile. Walipotawanyika akachukua tena wavu na sindano yake, na mimi nikasema haraka, kabla sijapata nafasi ya kutosema.

"Tonton, zile chupa, ni mi nilipeleka."

Sindano haikusimama. "Nilijua. Mama wa nganda aliniambia siku ile: pelekea mutoto ya dada yako merci."

"Alors kwa nini haukusema?"

"Mulevi akisema kweli, nani anasikia? Nilikuangalia we. Nilingoja useme."

Nilimwambia nilikuwa mdogo, niliogopa. Alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Nilimwambia anisamehe. Akasema amenisamehe zamani, mimi ni mtoto wa dada yake, asiponisamehe mimi amsamehe nani, na nilianza kupumua. Kisha akauliza, akikata uzi kwa meno:

"Na yeye ulimwambia?"

"Apana."

"Hata wakati alikuwa anagonjwa?"

"Hata."

Aliuweka wavu chini. Alinitazama kama alivyonitazama mlangoni siku ile, lakini sasa sikuwa na mwiko wa kuutazama.

"Donc shemeki yangu amekufa, na mi niko mwizi."

Nilianza kusema mengi. Nilimwambia arobaini iko karibu, ndugu wote wa Maniema watakuwepo, nitasimama mbele yao niwaambie ukweli, atakaa mahali pake pa heshima, nimekuja kumchukua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Wale utawaambia. Yeye utamwambia je? Nikuje kwa arobaini yake kama nani?"

Nilitoa sabuni na kitenge, nikaviweka kando ya wavu wake. Alibeba mfuko wangu mpaka ufukweni, akaishika pirogi isitikisike nilipokuwa napanda, akawaambia wenye mota waende taratibu kwa sababu sijui kuogelea. Nilimwachia nafasi kando yangu kwenye ubao. Aliisukuma pirogi kwa mguu, akabaki.